Mwanafunzi mwenye pumu anayeumwa kila mara: mwongozo kamili kwa mzazi wa Moshi na Arusha

Kuna watoto ambao mwezi hauishi bila kukosa shule siku tatu nne. Leo mafua, wiki ijayo kikohozi cha usiku, kisha "nimonia" nyingine, sindano nyingine, antibayotiki nyingine. Mtaani ameshapewa jina: mtoto wa kifua. Wengi wa namna hii wana pumu ambayo haijawahi kutibiwa kama pumu. Wengine pumu yao inajulikana, ila hutibiwa usiku wanapobanwa tu, na kukicha dawa inarudi kabatini.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja. Pumu hutibiwa siku ambazo mtoto anacheza mpira. Usiku wa kukimbizana na bajaji ni uokoaji. Tiba yenyewe ni ya asubuhi na jioni, hata kama mtoto anaonekana mzima kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba ni pumu

Kwenye pumu, njia za hewa ndani ya mapafu zimevimba. Zikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayozizunguka hujikaza na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa inatoka kwa shida, ndiyo maana kifua hupiga filimbi.

Dalili zake huja na kuondoka. Mtoto anakohoa usiku wa manane au alfajiri, mchana yuko sawa. Anakohoa akikimbia, akicheka sana au akilia. Kila mafua yanashuka kifuani na kukaa wiki mbili. Akipigwa mvuke hospitali, yaani nebulaiza, anafunguka muda si mrefu. Huenda ana ukurutu au pua ya kuwasha na chafya za asubuhi, na mara nyingi kuna mzazi, shangazi au babu mwenye pumu. Nimonia kwa kawaida huja na homa, na haiondoki kwa nusu saa ya mvuke. Mtoto aliyeandikiwa nimonia mara nne kwa mwaka, nyingine bila homa, anastahili kuulizwa swali la pumu.

Kabla ya kwenda kliniki, andika daftari kwa wiki mbili. Si lazima liwe zuri. Mistari ya namna hii inatosha: "Jumanne: ameamka saa 10 alfajiri, akakohoa hadi kutapika. Jioni jirani alichoma takataka." "Ijumaa: ameshindwa kumaliza mchakamchaka." Na siku kifua kinapolia, mvue shati umrekodi video fupi ya simu ikionyesha mbavu zinavyopanda na kushuka. Daktari akimwona mtoto asubuhi ametulia, video hiyo itamwambia mengi kuliko maelezo yako.

Muulize pia daktari waziwazi kama kuna kitu kingine. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye homa za jioni, jasho la usiku au uzito usioongezeka kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Mkoa wa Kilimanjaro una Kibong'oto, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huo, lakini kipimo huanzia kwenye kituo cha afya cha karibu. Mtoto aliyeanza kukohoa ghafla akiwa anatafuna karanga au mahindi huenda amepaliwa na punje imeingia kwenye njia ya hewa. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayekoroma na kulala mdomo wazi aangaliwe nyama za pua.

Anzia kituo cha afya, omba rufaa ikibidi: Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru na ALMC. Kuanzia umri wa miaka 6 hivi, watoto wengi wanaweza kupuliza kipimo cha nguvu ya pumzi pale kilipo.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Usikubali mtoto akatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi. Kimeo kiko kooni, pumu iko ndani ya mapafu, na wembe wa mtaani huleta kutoka damu nyingi na maambukizi, pepopunda ikiwemo. Bibi akisisitiza, mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza. Hapo huwa panatosha.

Hatua ya 2: Zijue dawa mbili kwa majina yake

Ya kwanza hufungua kifua. Ni salbutamol, ambayo wengi huiita Ventolin hata kama kopo lake la kuvuta, yaani inhela, limetoka kiwanda kingine. Hulegeza misuli iliyojikaza, hufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kama saa 4. Haitibu uvimbe.

Ya pili huzuia: beclomethasone, budesonide au fluticasone. Hii ndiyo inayopunguza uvimbe, kidogo kidogo, na mtoto anaweza kuchukua wiki moja mbili kabla hujaona tofauti. Hapa ndipo wazazi wengi huachia njiani. "Nimempa siku tatu sijaona kitu." Haikutengenezwa kwa siku tatu.

Mara nyingi kopo la kufungua ni la bluu na la kuzuia ni la kahawia au rangi ya chungwa, ila viwanda vinatofautiana. Soma jina, usisome rangi. Ukifika nyumbani chora jua na mwezi kwenye kopo la kuzuia kwa kalamu ya maka, ili hata dada wa kazi ajue ni la asubuhi na usiku.

Maneno mawili ya mtaani yajibiwe. La kwanza, kwamba inhela humfanya mtoto kuwa teja. Dawa hizi hazileti uraibu. Mtoto anayeomba inhela kila siku anakwambia kwamba uvimbe haujadhibitiwa. La pili, kwamba steroidi, yaani kundi la hizi dawa za kuzuia, humdumaza. Dozi ya kuvuta ni ndogo sana ukilinganisha na ya vidonge. Inaweza kupunguza urefu kwa takriban sentimita 1, na pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza, pamoja na kumkosesha shule. Kwangu mimi sentimita hiyo haina ushindani.

Vidonge na sharubati ya salbutamol bado vinauzwa sana kwa kuwa ni rahisi. Vinachelewa kufanya kazi na huleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kuliko inhela. Ukiandikiwa hivyo, uliza kama inhela inapatikana. Antibayotiki haitibu pumu, hata ikiwa ya bei mbaya. Na asali haina neno kwa koo linalokereketa, ila haifungui njia za hewa. Kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria la maji ya moto kumeunguza watoto, acha kabisa.

Hatua ya 3: Tengeneza spesa, mfundishe kuvuta

Ukimpulizia mtoto inhela moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga koo na kubaki hapo. Spesa ni chombo kinachoishikilia dawa hewani ili aivute polepole. Za dukani zipo kwenye famasia kubwa, na ukiweza nunua. Usipoweza, chupa ya maji ya mililita 500 inafanya kazi: watafiti wa Cape Town waliilinganisha na spesa za kiwandani kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na chupa haikushindwa.

Chukua chupa ngumu kidogo. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hunata ukutani. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, ule wa yai lililobanwa. Uchome waya kwenye moto, nje ya nyumba na mtoto akiwa mbali, kisha ubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka upate tundu. Ingiza mdomo wa inhela. Ubane kiasi kwamba ukiinua chupa inhela haianguki. Kukiwa na mwanya, ziba kwa gundi au gundi-karatasi pana. Osha tena, kausha. Kabla ya matumizi ya kwanza puliza dawa mara 5 hadi 10 ndani ya chupa tupu ili kuta zipate utando. Inauma kupoteza dawa, lakini bila hivyo mtoto atapata kidogo mno siku za mwanzo. Osha kila wiki, badilisha chupa ikipasuka au kulegea.

Kuvuta ni hivi. Mtoto akae wima au asimame. Tikisa kopo. Atoe pumzi nje taratibu. Midomo ifunge shingo ya chupa kabisa, meno yasizibe njia, ulimi chini. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi ndani ya chupa mara 5 au 6, bila haraka, midomo isiachie. Pumzika nusu dakika, tikisa tena, rudia mpulizo mwingine kama ameandikiwa miwili. Kosa linaloonekana zaidi ni kubonyeza mara mbili tatu mfululizo kisha kuvuta mara moja kwa pupa. Matone hugongana na kunata kwenye chupa. Baada ya dawa ya kuzuia asukutue na kutema, la sivyo utando mweupe wa fangasi huota mdomoni. Ifanyeni kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku, basi haisahauliki.

Hesabu dawa. Makopo mengi yana mipulizo 200. Anayevuta 2 asubuhi na 2 usiku anamaliza kwa siku 50, baada ya hapo kopo linaendelea kutoa hewa yenye harufu ya dawa na mzazi anadhani bado lipo. Andika tarehe ya kuisha kwenye kopo siku unayolifungua. Kuliweka kwenye maji uone kama linaelea si kipimo.

Hatua ya 4: Karatasi ya usiku wa kubanwa

Muombe daktari mpango ulioandikwa, na ubandike ndani ya mlango wa kabati. Kwa kawaida huwa na mambo haya.

Mketishe wima, fungua vifungo vya nguo, ongea naye kwa utulivu. Mpe salbutamol mipulizo 4 kwa spesa, mmoja mmoja, pumzi 5 au 6 kila mmoja. Subiri dakika 20. Akifunguka, endelea kumwangalia. Asipofunguka, rudia mipulizo 4 na anzeni safari ya hospitali, mkiendelea kumpa kila dakika 20 njiani. Akifunguka kisha akabanwa tena kabla ya saa 3 au 4 kupita, aonwe siku hiyo hiyo.

Usisubiri dakika hata moja kama hawezi kumaliza sentensi, kama ngozi inazama katikati ya mbavu au juu ya kifua, kama midomo imekuwa ya buluu au kijivu, kama amechoka, anasinzia au amechanganyikiwa. Na ogopa kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikanyamaza huku mtoto bado anahangaika kupumua: hewa imeacha kupita. Hapo ni kuondoka mara moja, dawa ikiendelea kutolewa ndani ya gari.

Chini ya karatasi andika namba za dereva wa bajaji na wa teksi ambao umeshawauliza kama hupokea simu saa 8 usiku. Bodaboda ni ya mwisho kabisa. Upepo wa Julai kutoka Rau mpaka mjini unambana zaidi, na mtoto aliyelegea hashikiki. Weka kando fedha ya nauli na ya kuanzia matibabu, pamoja na kadi ya bima kama ipo, kwenye bahasha isiyoguswa kwa ajili ya vocha.

Akiruhusiwa na vidonge vya prednisolone, yaani steroidi ya kumeza, kwa kawaida siku 3 hadi 5, vimalizwe. Kisha arudi kliniki ndani ya siku chache, maana kubanwa hadi kufika hospitali ni ishara kwamba mpango wa kila siku una tundu.

Hatua ya 5: Nyumbani, anza na moshi

Orodha za vichokozi huwa ndefu mpaka mzazi anakata tamaa. Ningepanga hivi: moshi kwanza, kitanda pili, mengine baadaye. Na kabla ya kutumia pesa kwenye kifuniko maalumu cha godoro, hakikisha dawa ya kuzuia imenunuliwa.

Kwenye vihamba vya Kibosho, Uru au Marangu jiko la kuni huwa nje ya nyumba kubwa. Hiyo ni faida, ila baridi ya Juni huwakusanya watoto wote kwenye mafiga, na kazi za shule hufanyikia pale pale, uso ukiwa futi mbili kutoka kwenye moshi. Mtoto mwenye pumu atolewe jikoni. Avae sweta nzito akae sebuleni, asipewe zamu ya kupuliza moto. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, hata ukitumika kwa chai ya asubuhi na mboga tu, hupunguza moshi mwingi. Mkaa huonekana msafi kwa sababu moshi wake hauonekani sana. Uwashwe nje mpaka ukolee. Kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, desturi ya Arusha wakati wa kipupwe, ni hatari kwa nyumba nzima: hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Sigara isivutwe ndani, hata dirishani. Dawa ya mbu ya kuchoma iachwe, chandarua kitumike. Udi, ubani na manukato ya kupuliza viangaliwe. Jirani anayechoma takataka kila jioni mfuate kwa upole, umweleze kuhusu mtoto, umuulize kama anaweza kuchoma wakati watoto wako shuleni. Watu wengi huelewa wakiambiwa kwa jina la mtoto.

Kitandani adui ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye mito, magodoro na mablanketi. Blanketi lililolala sandukuni tangu Septemba likitolewa Juni na kujifunikwa usiku huo huo, kesho yake mtoto anakohoa. Lifuliwe na lianikwe juani kwanza. Vidonge vya nondo navyo vina harufu inayochokoza. Mto wa sufi wa zamani utupwe. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ikiwezekana. Sweta la mtumba la soko la Memorial lifuliwe kabla ya kuvaliwa, hata kama linaonekana jipya.

Masika huleta koga kwenye kuta. Zifutwe kwa maji yenye jiki wakati mtoto hayupo, madirisha wazi, na kitanda kisogezwe mbali na ukuta wenye unyevu. Mende nao huleta mzio. Mabaki ya chakula yafunikwe usiku.

Chakula usikihukumu ovyo. Maziwa na mayai hunyimwa watoto wengi wa pumu bila sababu. Kama hakijawahi kumletea dalili, mpe.

Hatua ya 6: Shuleni

Nenda mwenyewe ukaonane na mwalimu wa darasa, usimtume mtoto. Peleka na barua fupi, ibaki kwenye faili:

"Yah: Hali ya kiafya ya mwanangu (jina), darasa la (…). Mwalimu, mtoto huyu ana pumu na yuko kwenye matibabu. Inhela ya kufungua kifua iko kwenye begi lake, mfuko wa mbele, pamoja na chupa ya kuvutia dawa. Akikohoa mfululizo au akisema kifua kinabana, naomba aketi, avute mipulizo 4 mmoja mmoja, asiachwe peke yake. Asipopata nafuu ndani ya dakika 20, au akishindwa kuongea, naomba apelekwe hospitali wakati mnanipigia. Namba yangu ni (…), ya shangazi yake ni (…). Anaruhusiwa kucheza michezo yote."

Sentensi ya mwisho ni muhimu kama zile nyingine. Mchakamchaka hauna haja ya kufutwa kwa mtoto huyu. Kama humbana, daktari anaweza kuagiza avute salbutamol dakika 10 hadi 15 kabla. Aanze kwa kutembea, kisha mbio za pole, na asubuhi za baridi afunike pua na mdomo kwa skafu. Mtoto anayebanwa kila akikimbia, hata hivyo, huwa anahitaji dawa ya kuzuia iangaliwe upya, si kukalishwa kwenye kivuli.

Zamu ya kufagia ndiyo ya kuombea mabadiliko. Darasa la sakafu iliyochimbika likifagiliwa kavu saa 1 asubuhi hujaa vumbi kama barabara ya Kiboriloni wakati wa kiangazi. Apangiwe kumwagilia maua au kufuta ubao kwa kitambaa kibichi, na walimu wengi hukubali pia darasa linyunyiziwe maji kabla ya fagio. Inhela isifungiwe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, kwa sababu ufunguo huwa na mtu aliyeenda semina. Mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kubeba yake. Mdogo zaidi, ikae kwa mwalimu wa darasa.

Wa bweni awe na makopo mawili ya kufungua, moja kwake na moja kwa matroni, na matroni aonyeshwe kwa macho jinsi ya kutumia chupa.

Hatua ya 7: Desemba kwa bibi

Familia ikipanda mlimani kwa Krismasi, mtoto anakutana na vitu vyote kwa wiki moja: moshi wa kuni, blanketi la sandukuni, baridi ya Machame usiku, binamu wenye mafua. Dawa ya kuzuia iendelee bila kukosa siku hata moja, na kopo la pili la salbutamol liwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti la basi. Beba shuka na mto wake. Piga simu mapema: "Shikamoo mama. Tunakuja na mjukuu wako, kifua chake unakijua. Tunaomba alale chumba cha mbele, na blanketi liangalie jua kidogo kabla hatujafika." Ujue pia kabla giza halijaingia ni zahanati gani ina salbutamol, na gari la kukodi linatoka wapi.

Hatua ya 8: Kurudi kliniki akiwa mzima

Kila miezi miwili mitatu jiulize kuhusu wiki 4 zilizopita. Je, alikuwa na dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Aliamka usiku kwa kikohozi? Alihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya michezo? Aliacha kucheza kwa sababu ya kifua? Ndiyo moja tu inatosha kumrudisha kwa daktari hata kama hajalazwa.

Nenda na inhela zote mbili, chupa na daftari, na mwombe mtoto avute mbele ya muuguzi. Mara nyingi dozi inakuwa iko sawa na tatizo likawa midomo isiyofunga chupa au kopo lililoisha tangu mwezi uliopita. Kuongezewa dawa nyingine hapo hakusaidii kitu.

Akikaa miezi 3 bila dalili, daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua, wewe ukiendelea kuandika daftari. Usipunguze mwenyewe. Na muda wenyewe mchague pamoja: usiwe mwanzoni mwa Juni, usiwe wiki za mtihani wa darasa la nne au la saba, usiwe kabla ya safari, na usiwe wakati ana mafua.